Vitabu Adimu na Kumbukumbu za Safari za Kwanza za Ndege Kuvuka Atlantiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba majibu siku hizi yananitoka kama dua. Nimeyapanga kuanzia ya mgeni hadi yale yanayowasumbua hata wakongwe wa mambo haya. Jibu moja likigusa jingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Tunazungumzia vitu gani hasa, na vya miaka ipi?

Vitabu vilivyoandikwa na marubani wenyewe, bahasha zilizosafiri ndani ya ndege, stempu, sahihi, vipande vya kitambaa cha mabawa, magazeti, menyu, ratiba, lebo za mizigo. Wengi wetu tunahesabu kuanzia 1919, mwaka bahari hiyo ilipovukwa kwa ndege kwa mara ya kwanza, mpaka 1939, mwaka shirika la ndege la Marekani, Pan American, lilipoanza kuuza tiketi za abiria kwa ndege zake za kutua majini, zilizoitwa Clipper.

Wapo wanaorudi nyuma hadi Oktoba 1910, Walter Wellman alipoondoka Atlantic City kwa puto lake la injini liitwalo America. Aliishia kuokolewa na meli katikati ya bahari, yeye, wenzake na paka wao. Paka huyo aliitwa Kiddo, na mpaka leo ana mashabiki wake.

Usijaribu kukusanya vyote. Chagua rubani mmoja, njia moja au aina moja ya kitu, ukijue mpaka muuzaji akuogope.

2. Kwani wa kwanza kuvuka si Lindbergh?

Siye. Mei 1919 ndege ya Jeshi la Majini la Marekani, NC-4, chini ya Albert Read, ilitoka Newfoundland, kisiwa cha pwani ya mashariki ya Kanada, ikapumzika visiwa vya Azores na kufika Lisbon. Tarehe 14 na 15 Juni mwaka huohuo, John Alcock na Arthur Whitten Brown walivuka bila kutua, kutoka Newfoundland hadi Ayalandi, kwa saa 16 hivi. Walitua karibu na Clifden mahali walipodhani ni uwanda wa majani. Kumbe ni kinamasi, ndege ikachomeka pua. Julai puto la Waingereza R34 likatoka Uskoti hadi jimbo la New York na kurudi. Kusini mwa bahari, Wareno Gago Coutinho na Sacadura Cabral walifika Brazili mwaka 1922.

Rubani Mmarekani Charles Lindbergh alikuja tarehe 20 na 21 Mei 1927. Alikuwa wa kwanza kuvuka *peke yake*, na wa kwanza kutoka New York hadi Paris bila kutua, saa 33 na nusu. Hilo ni jambo kubwa, lakini watu makumi kadhaa walikuwa wameshamtangulia kuvuka. Nalirefusha jibu hili kwa sababu wauzaji huandika "safari ya kwanza ya Atlantiki" juu ya kila kikorokoro chenye picha ya Lindbergh, na mgeni hulipia hayo maneno.

3. Pesa yangu ni ya mawazo. Nianze na nini?

Anza na bahasha za safari za Clipper za 1939 (swali la 12). Ziko nyingi, zimepigwa mihuri inayosomeka, na zitakufundisha kusoma tarehe na njia bila kukufilisi. Baada ya hapo tafuta nakala za kawaida za vitabu vya miaka ya 1920, hata zisizo na jaketi, yaani karatasi ya kufunika jalada.

Kabla ya yote nunua katalogi. American Air Mail Society, chama kilichoanzishwa 1923, kimechapisha katalogi za barua za ndege kwa miaka mingi, na hata juzuu la zamani la mtumba lina faida. Mtu anayenunua bahasha bila katalogi ni sawa na anayenunua shamba kwa kuonyeshwa kwa kidole.

4. Marehemu babu aliacha kitabu cha Lindbergh cha 1927. Tumetajirika?

Pole, hapana. Kitabu hicho, *"We"*, kilitolewa na G. P. Putnam's Sons miezi michache baada ya safari, dunia nzima ikiwa inamtaja Lindbergh, kikachapwa kwa wingi wa ajabu. Nakala za kawaida zimejaa kila mahali. Kuukuu si adimu.

Kuna nakala 1,000 tu zilizopewa namba na kutiwa sahihi na Lindbergh mwenyewe. Ikiwa ya babu ina ukurasa wa namba na sahihi, usimwonyeshe mtu yeyote dukani kabla hujasoma swali la 13.

## Vitabu

5. Nitajuaje kama ni toleo la kwanza?

Tofautisha kwanza toleo na chapa. Toleo la kwanza linaweza kurudi mitamboni mara kumi. Anachotafuta mkusanyaji ni chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. Alama zake hutegemea mchapishaji. Scribner's waliweka herufi A kwenye ukurasa wa haki ya kunakili. Ndiyo ya kutafuta kwenye *The Spirit of St. Louis*, kitabu cha Lindbergh cha 1953 kilichopata tuzo ya Pulitzer. Houghton Mifflin wa Boston walikuwa na desturi ya kuweka mwaka chini ya ukurasa wa jina kwenye chapa ya kwanza na kuuondoa kwenye zinazofuata. Ukiona jina la Grosset & Dunlap, hiyo ni nakala ya bei nafuu iliyochapwa baadaye, hata kama mwaka uliomo ndani ni uleule.

Nakala za klabu za vitabu, zilizochapwa kwa ajili ya wanachama, nazo huwazuga watu. Tazama pembe ya ndani ya jaketi: haina bei. Kisha pitisha kidole kwenye jalada la nyuma, chini kulia. Ukihisi kishimo kidogo kama cha ncha ya kalamu, mara nyingi hiyo ni ya klabu.

6. Kwa nini jaketi la karatasi lina bei kuliko kitabu chenyewe?

Kwa sababu watu walilitupa. Lilikuwa la kukinga vumbi dukani. *Flying the Atlantic in Sixteen Hours*, kitabu cha Brown kilichotolewa na Stokes wa New York mwaka 1920, utakipata bila jaketi ukiwa na subira. Chenye jaketi unaweza kukaa miaka hujakiona.

Ndiyo maana kuna majaketi ya kuiga. Waaminifu huandika mahali fulani kwamba ni nakala. Wasio waaminifu hukata pembe yenye maneno hayo. Chukua kioo cha kukuzia: chapa ya mashine ya kisasa ya wino huonyesha vidoa vidogo vilivyotawanyika kama mchanga. Halafu linganisha jaketi na jalada. Jua likichoma kitabu chenye jaketi, linachoma mgongo wa jaketi kwanza. Mgongo wa kitabu ukiwa umepauka na jaketi linang'aa kama la jana, wawili hao hawakuishi pamoja.

7. Nimesikia kuna vitabu vilivyokuja na vitu ndani. Ni kweli?

Ni kweli, na hapa ndipo utamu wa mambo haya ulipo. Mchapishaji George Putnam alikuwa mfanyabiashara hodari. Mwaka 1928 Amelia Earhart alivuka akiwa abiria wa ndege Friendship, wakitua Burry Port, Wales. Kitabu chake, *20 Hrs. 40 Min.*, kilitoka mwaka huohuo, na nakala 150 zilifanywa za pekee: zimetiwa sahihi, na ndani kuna kibendera kidogo cha hariri cha Marekani alichovuka nacho. Kitabu cha Richard Byrd, *Skyward*, nacho kina nakala 500 zenye sahihi na kipande cha kitambaa cha ndege yake Josephine Ford. Ndege hiyo ni ya safari yake ya kuelekea Ncha ya Kaskazini, si ya Atlantiki, ingawa Byrd alivuka mwaka 1927 na kuangukia majini ufukweni mwa Ufaransa. Wauzaji huchanganya hizo mbili, wengine makusudi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni *The Fun of It* cha 1932. Mei mwaka huo Earhart alivuka peke yake kutoka Harbour Grace, Newfoundland, hadi malisho ya ng'ombe karibu na Londonderry, kwa saa 15 hivi. Kitabu kikawekewa mfuko nyuma, ndani ya jalada, na ndani ya mfuko santuri ndogo yenye sauti yake akizungumza kutoka London baada ya safari. Miaka iliyopita nilinunua nakala kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo aliyeandika "kamili, safi sana". Nilipofungua bahasha nikapiga magoti kabisa sakafuni kuitazama. Mfuko upo, umetulia, hata mkunjo hauna, santuri hakuna. Nilipolalamika akanijibu kwamba "kamili" maana yake kurasa zote zipo. Tangu siku hiyo siulizi "kimekamilika?" Nauliza: "Nipigie picha santuri ikiwa nusu nje ya mfuko."

Kanuni yangu: kitu kilichotengenezwa na viungo vyake kinanunuliwa kwa viungo vyake. Kuhusu kuvioanisha viungo baadaye, tazama swali la 20.

8. Kuna chochote kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki?

Kipo, na hakijatafutwa vya kutosha. Beryl Markham alikulia Njoro, Kenya, alikoletwa akiwa mtoto mdogo, akafunza farasi wa mashindano, akawa rubani wa kukodiwa. Tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea magharibi, dhidi ya upepo, peke yake. Baada ya saa 21 na dakika kadhaa mafuta yalikataa kufika kwenye injini, akaitupa ndege kwenye kinamasi cha Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Alitoka na jeraha kichwani akiwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Tazama picha za ndege hiyo kwa makini. Ni Percival Vega Gull, imeandikwa VP-KCC ubavuni. VP-K zilikuwa herufi za usajili za Kenya: ndege iliyovuka ilikuwa yetu kwa karatasi, mali ya mlowezi John Carberry. Picha ya gazeti inayoonyesha herufi hizo zinasomeka ina thamani kuliko ile ya Beryl anatabasamu tu na bandeji, ingawa ya bandeji ndiyo wanaigombania.

Kitabu chake, *West with the Night*, kilitolewa na Houghton Mifflin mwaka 1942, vita vimepamba moto, kikapotea haraka sokoni. Mwaka 1983 North Point Press wa Marekani walikitoa upya na safari hii kikauzwa sana. Kwa hiyo nakala ya 1983 ni ya kusoma, na ya 1942 yenye jaketi ni ya kufungia kabatini. Beryl alifia Nairobi mwaka 1986, akiwa anaishi karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Aliyemjua alimjua kama mfunza farasi, kwa hiyo barua na picha zake zinaweza kutokea kwenye makaratasi ya farasi ambako mtu wa ndege hatii mguu. Kama unaishi Nairobi au Nakuru na unapita kwenye vitabu vya mitumba, macho yako yana nafasi ambayo mtu wa Chicago hana.

Ubishi wa kwamba mume wake Raoul Schumacher ndiye aliyeandika kitabu upo, na hautakwisha leo. Haujashusha bei hata shilingi.

## Stempu na bahasha

9. Kwa nini barua za Newfoundland za 1919 zinasifiwa hivyo?

Kwa sababu zilikuwa ndani ya ndege zenyewe, kwenye mashindano ya kuvuka bila kutua, ya pauni 10,000 zilizowekwa na gazeti la Daily Mail, na kwa sababu posta ya kisiwa kile ilichangamkia jambo hilo kabla ya wakubwa.

Anza na washindani Harry Hawker na Kenneth Mackenzie-Grieve. Posta ilichukua stempu 200 za senti 3 zenye kichwa cha mnyama caribou, ikazigonga maandishi ya safari hiyo, na mkuu wa posta, J. A. Robinson, akatia herufi za jina lake mgongoni mwa stempu. Waliondoka 18 Mei 1919. Injini ikachemka, wakatua majini karibu na meli ya Wadenmaki iitwayo Mary. Meli haikuwa na redio. Kwa wiki nzima dunia iliamini wamekufa, na mfalme wa Uingereza akamtumia mke wa Hawker salamu za rambirambi. Ndege iliyoachwa ikaelea mpaka meli nyingine, Lake Charlotteville, ikaiokota pamoja na mfuko wa barua, na barua zikafika.

Sasa fikiri kama mkusanyaji. Bahasha hizo zililoa maji ya chumvi. Ukiletewa ya Hawker nyeupe, gundi imetulia, wino haukusambaa hata kidogo, jiulize ilikuwa wapi wenzake walipokuwa wakielea baharini. Hii ni sehemu moja ambayo doa la maji linaongeza imani.

Za Alcock na Brown ni tofauti. Posta iligonga stempu 10,000 za senti 15 kuwa dola moja, kwa hiyo stempu peke yake inapatikana. Tafuta zile zinazokosa koma baada ya neno "POST", kisha zinazokosa koma na pia nukta baada ya 1919. Bahasha zilizoruka kweli hazikufika 200. Stempu sahihi juu ya bahasha haimaanishi bahasha iliruka. Tarehe za mihuri ya kuondokea na kufikia ndizo zinazosema.

10. Ninauziwa bahasha iliyobebwa na Lindbergh kwenda Paris. Ninunue?

Usinunue. Safari ile haikubeba mfuko wa posta. Lindbergh alikuwa akipunguza uzito hata wa karatasi za ramani.

Alichobeba kihalali ni vingine. Alikuwa rubani wa posta kati ya St. Louis na Chicago mwaka 1926, na Februari 1928 alirudi kwenye njia hiyo kwa siku mbili. Bahasha za siku hizo ni nyingi na zina mhuri maalumu wenye umbo la kiatu cha farasi. Mwezi huohuo alibeba barua ndani ya Spirit of St. Louis yenyewe, ndege iliyompeleka Paris, kutoka Santo Domingo na Port-au-Prince hadi Havana. Hizo ndizo za kutafuta kama unataka karatasi iliyokuwemo ndani ya ndege hiyo. Stempu ya bluu ya senti 10 ya Juni 1927 yenye picha ya ndege yake ni nzuri, ni rahisi, na haithibitishi kitu.

11. Na Zepelini?

Hayo ni maputo makubwa ya injini ya Kijerumani, na ni bahari ndani ya bahari. Graf Zeppelin lilivuka kwa mara ya kwanza Oktoba 1928, Friedrichshafen hadi Lakehurst, kwa saa 111. Baadaye liliendesha safari za ratiba hadi Brazili, na kwa maisha yake lilifanya safari 590. Kwa hiyo postikadi zake si chache. Ninachotaka kuona ni mhuri uliopigwa ndani ya chombo na mhuri wa kufikia upande wa pili. Kimoja bila kingine ni nusu hadithi.

Stempu zinazozungumzwa ni tatu za Marekani za Aprili 1930: senti 65, dola 1.30 na dola 2.60. Jumla dola 4.55, wakati watu wanapanga foleni kupewa supu. Ziliuzwa 93,536, 72,428 na 61,296, zilizobaki zikateketezwa na posta.

Hindenburg, zepelini jingine, liliungua Lakehurst tarehe 6 Mei 1937 na kuua watu 36. Lilibeba barua zaidi ya 17,000, zikapona mia tatu na kitu. Wataalamu wameziorodhesha mojamoja. Bahasha iliyoungua pembeni ambayo haimo kwenye orodha ni bahasha iliyokutana na kiberiti cha mtu.

12. Bahasha za Clipper ni zipi?

Tarehe 20 Mei 1939 ndege Yankee Clipper ya Pan American, aina ya Boeing 314, ilianza kubeba posta kutoka New York hadi Azores, Lisbon na Marseille. Juni ikafunguliwa njia ya kaskazini, na mwishoni mwa mwezi huo Dixie Clipper ikachukua abiria. Nyingi zina stempu ya senti 30 iliyotolewa kwa ajili hiyo. Nunua chache za vituo mbalimbali uone jinsi mihuri inavyotofautiana.

## Sahihi, vitambaa na magazeti

13. Sahihi hii ni ya kweli?

Kwa picha ya simu sitakwambia, na anayekwambia usimwamini. Naweza kukwambia pa kuanzia. Lindbergh alichoshwa na waomba sahihi, kwa hiyo soko lina kiu, na penye kiu huja wachimba visima vya uongo. Sahihi yake salama zaidi ni ile ya zile nakala 1,000 (swali la 4), kwa kuwa imo kwenye ukurasa wenye namba uliofungwa ndani ya kitabu.

Alcock alikufa kwa ajali ya ndege Ufaransa, Desemba 1919, miezi sita tu baada ya safari. Brown aliishi hadi 1948. Kwa hiyo ya Brown inapatikana na ya Alcock ni haba. Karatasi yenye zote mbili lazima iwe ilikuwepo mwaka huo. Kama ni picha ya kuchapwa baadaye au hoteli iliyofunguliwa miaka ya 1930, hesabu imekataa.

Tazama wino kwa kioo. Wino wa kalamu ya kuchovya huzama kidogo kwenye nyuzi za karatasi. Uliochapwa umelala juu, hauna unene wala wembamba. Kalamu ya bolpeni kwenye sahihi ya 1927 haihitaji mtaalamu.

14. Nimepewa kipande cha kitambaa cha ndege ya Lindbergh. Inawezekana?

Inawezekana. Umati ulipovamia uwanja wa Le Bourget, Paris, watu walinyofoa vipande vya kitambaa. Lakini vilikuwa vichache na vinavyouzwa ni vingi. Spirit of St. Louis ilivikwa pamba iliyopakwa rangi ya fedha. Ndege yenyewe iko Washington, katika jumba la makumbusho la anga la Smithsonian, inaweza kulinganishwa. Kitambaa cha Vimy, ndege ya Alcock na Brown, kilikuwa kitani. Kitambaa hakisemi kilitoka wapi. Anayesema ni barua ya mtu aliyekinyofoa, picha yake uwanjani, bahasha aliyokitumia kwa dada yake. Bila hivyo unanunua tambara.

15. Gazeti la siku aliyofika Lindbergh?

Magazeti mengi ya siku hiyo yalichapwa tena kama zawadi. La kweli lina kurasa zote, matangazo ya viatu na matokeo ya michezo. Karatasi imekuwa ya kahawia na inavunjika ukikunja. Ukipata taa ya urujuanimno, ilenge: karatasi ikiwaka weupe wa bluu, ina dawa ya kung'arisha iliyokuja miaka mingi baadaye. Mbinu hiyo inafaa pia kwa bahasha na majaketi.

Gazeti ninalolipenda ni la uongo: La Presse la Paris la Mei 1927, lililotangaza kwamba marubani Wafaransa Nungesser na Coli wamefika New York. Hawakufika, na hawajaonekana hadi leo.

## Kununua na kutunza

16. Nikinunua mnadani ng'ambo, gharama gani zitanishtua?

Kamisheni ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni robo ya bei ya nyundo (bei ya mwisho iliyotajwa mnadani) au karibu yake. Kisha usafiri, bima, ada ya benki, na forodha. Vitabu vina sura yao katika orodha ya ushuru (ya 49), na stempu na vitu vya wakusanyaji vina yao (ya 97). Mwambie muuzaji aandike wazi kwenye fomu: "kitabu kilichochapwa, 1932", au "bahasha ya posta ya 1919, ya mkusanyaji". Asiandike "zawadi". Mpigie wakala wa forodha kabla ya kunyanyua mkono mnadani, maana mzigo ukishakaa bandarini hakuna atakayekuonea huruma.

17. Naishi Pwani. Unyevu huu si utavila vyote?

Utavila ukiuacha. Usiegemeze kabati kwenye ukuta wa nje. Acha upana wa kiganja nyuma yake hewa ipite. Vitabu visimame bila kubanana. Bahasha ziwe kwenye karatasi isiyo na asidi au plastiki ngumu ya polista, kamwe si ile laini inayonuka. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinasaidia, lakini hushiba, vibadilishe. Kila baada ya wiki chache fungua, papasa, nusa. Harufu ya ukungu hutangulia ukungu.

Bibi yangu angeweka karafuu kabatini. Kwenye nguo sawa. Kwenye karatasi mafuta yake huacha doa lisilotoka.

18. Nibandike gundi mahali palipochanika?

Hapana. Wala selotepu. Kilichochanika kina bei. Kilichobandikwa selotepu kina nusu yake.

## Mambo magumu

19. Vipi kuhusu swastika, na siasa za Lindbergh?

Tangu 1933 maputo ya Kijerumani yalibeba swastika kwenye mkia, na menyu na picha za Hindenburg zimejaa alama hiyo. Baadhi ya masoko ya mtandaoni huviondoa, na Ujerumani sheria ya kuionyesha ni kali. Italo Balbo, aliyeongoza ndege 24 za Kiitalia hadi Chicago mwaka 1933 na kuachia wakusanyaji stempu za kuvutia, alikuwa kigogo wa ufashisti. Lindbergh alipokea nishani kutoka kwa Göring, waziri wa Hitler, mwaka 1938 na hakuirudisha.

Mimi navikusanya, na lebo ninayoiweka pembeni inasema yote hayo. Sipendi kabati linaloonyesha ndege tu na kuficha mkia.

20. Nikipata santuri ya Earhart peke yake, naweza kuitia kwenye kitabu changu kisicho nayo?

Wauzaji wana jina lao kwa jambo hili. Mimi naliita ndoa ya mkeka. Haikatazwi. Kinachokatazwa ni kunyamaza. Andika kwa penseli laini, ndani ya jalada la nyuma: santuri imetoka wapi, lini, kwa nani, na ambatisha risiti zote mbili. Ukiuza, mwonyeshe mnunuzi penseli hiyo kabla hajauliza. Thamani itakuwa kati ya kitabu pungufu na kitabu kilichozaliwa nayo, na hiyo ni haki.

Mfuko wangu bado uko wazi. Ukiiona inauzwa peke yake, niambie mimi kwanza.